Mikono Iliyokwama Kwenye Kioo

Asubuhi katika nyumba ya fundi cherehani haikuanza kwa sauti, ilianza kwa taa. Mteja akibonyeza kitufe cha mlangoni, kengele haikulia. Badala yake taa nyekundu iliyotundikwa juu ya cherehani iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, mpaka mama ainue macho. Mama alikuwa hasikii tangu alipougua akiwa mdogo. Hata cherehani yake aliisikiliza kwa kiganja. Akiweka mkono juu ya meza, alijua kama sindano imekuwa butu au uzi umejiviringa chini, kabla mtu mwenye masikio yake mawili hajashtuka.

Binti yake, aliyekuwa darasa la sita, aliitwa Chiriku. Aliongea kwa mdomo na kwa mikono, yaani lugha ya alama ya viziwi, kwa wakati mmoja, na kote kuwili hakujua kunyamaza. Baba yake, seremala, ndiye aliyempa jina hilo. "Watoto wengine ukiwaziba mdomo wananyamaza," baba alikuwa akisema. "Huyu mpaka umfunge na mikono."

Jumamosi hiyo Chiriku alifanya kazi zake kama kawaida. Alifagia vipande vya vitambaa, akaokota pini kwa sumaku, akatunga uzi kwenye sindano, kisha akamfunika vizuri mdogo wake mchanga aliyelala kwenye kikapu karibu na miguu ya mama. Lakini utani wao wa kila siku haukuwepo. Mama alikuwa ameshona mfuko wa shati upande usio wake, akaufumua, halafu akaushona tena palepale. Mtu asiyekosea akikosea mara mbili, ujue moyo wake hauko nyumbani.

Moyo wa mama ulikuwa hospitali. Baba alikuwa amelazwa katika mji wa mbali, na siku hiyo kabla ya adhuhuri angefanyiwa upasuaji wa moyo. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mama hakuweza kusafiri, maana alikuwa amejifungua kwa upasuaji majuzi tu na kidonda hakijapona. Daktari hakuwa amezungusha maneno. Alisema wengi hutoka salama, lakini si wote. Kwa hiyo mume na mke walikubaliana kwamba, kabla baba hajaingizwa chumba cha upasuaji, wataonana kwa simu ya video na kuongea kwa mikono yao wenyewe.

Sasa, ndani ya simu hiyo ya mama palikuwa na jambo ambalo mama hakulijua.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa intaneti. Kazi yake ilikuwa kuvuta nyaya na kufunga mitandao kwenye maduka na ofisi. Ndiye aliyewawekea nyumbani kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani, na ndiye aliyeifungia michezo ya mtandaoni isifunguke, kwa sababu alama za Chiriku shuleni zilikuwa zimeanza kushuka kama ndoo kisimani. Chiriku alinuna. Rafiki yake wa darasani, msichana waliyemwita Kibiriti kwa jinsi alivyowaka upesi, alimcheka.

"We naye! Unafungiwa mlango, unakaa unalia, na dirisha liko wazi? Weka VPN."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Programu ya simu. Ukiiwasha, kisanduku chenu hakioni unakokwenda. Halafu ya bure, na intaneti inapaa! Wameandika wenyewe: kasi ya umeme."

"Kweli?"

"Mwenzangu, wameweka mpaka picha ya roketi!"

Chiriku akaiweka kwenye simu ya mama, na michezo ikafunguka. Akaiacha ikiwaka mchana na usiku, kwa kuwa aliamini inaharakisha mambo. Siku moja mama aliona alama ndogo ya ufunguo juu ya kioo cha simu, akauliza kwa mikono, "Hiki nini?"

Chiriku hakusita. "Ulinzi wa simu," akajibu.

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pindo lake. Tangu hapo mazungumzo ya jioni na baba yakawa yanasuasua. Mama alidhani mtandao wa huko hospitali ndio mbovu, na Chiriku, kusema kweli, alidhani hivyohivyo.

Simu ilipotetema asubuhi ile, mama alikuwa tayari. Alikuwa amevaa blauzi ya rangi moja isiyo na maua, kwa maana mikono huonekana vizuri mbele ya nguo ya namna hiyo, na alikuwa ameketi dirishani mwanga umwangukie vidoleni. Baba akatokea kwenye kioo, amevaa joho la wagonjwa, mashavu yamebonyea. Akatabasamu. Akainua mkono wa kulia, akaanza, "Mke wangu, kama—"

Mkono ukakwama hewani.

Picha ilipokuja kuruka, mikono ya baba ilikuwa imeshashuka mapajani. Alikuwa amemaliza kusema, na maneno yote ya katikati yalikuwa yamepotea njiani.

"Rudia," mama akamwambia.

Baba akarudia. Safari hii uso wake ulivunjika miraba miraba, ukajiunga, ukavunjika tena. Akaweka kiganja kifuani, na picha ikaganda hapo, kiganja kifuani, macho nusu yamefumba. Mama aliruka kutoka kitini.

"Moyo! Ameshika moyo! Hasogei!"

"Picha tu hiyo, mama! Imekwama tu!" Chiriku alijibu kwa mikono na kwa mdomo. Lakini hata yeye alikikodolea macho kioo, mpaka picha ikaruka na baba akaonekana akipunga mkono kwamba yupo. Halafu simu ikakatika.

Anayesikia, sauti ikikatika katikati, huokota vipande akaunga mwenyewe. Kwa mama, mkono uliosimama ulikuwa sawa na ulimi uliofungwa.

"Tupige simu ya kawaida," Chiriku akasema. "Baba aongee, mimi nikutafsirie. Si kila siku natafsiri? Dukani, kliniki..."

Mama akamtazama kwa upole uliouma kuliko kofi. "Ya dukani utatafsiri. Ya kliniki pia. Haya ni ya mimi na baba yako. Hayapiti kwa mtoto."

Chiriku akampigia mjomba kwa simu ndogo ya vitufe iliyokuwapo nyumbani, akaweka spika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Wameshaonana?"

"Picha inakwama. Haiendi kabisa."

"Taa za kisanduku?"

"Kijani zote."

"Kizime, subiri kidogo, kiwashe."

Akakizima, akakiwasha. Wakajaribu tena, picha ikawa ileile. Vidole vya mjomba vikasikika vikigonga kompyuta. "Ajabu. Nakiona kutoka hapa, kisanduku chenu hakina shida. Kuna kitu mmeongeza kwenye simu? Programu yoyote?"

"Hakuna," Chiriku akasema.

Neno lilimtoka jepesi, kama mtu anayefukuza nzi.

"Basi shida iko hospitali, na huko mkono wangu haufiki. Mpe pole dada, mimi bado nipo hewani."

Chiriku akamtafsiria mama. Mama alisoma mikono yake mpaka mwisho, kisha akachukua nepi ya mtoto akaanza kuikunja, ingawa ilikuwa imeshakunjwa.

"Haya," mama akasema. "Mpigie shangazi ile ya kawaida. Amwambie baba yako kwamba mimi..."

Mkono wake ukabaki hewani, vidole vimekunjwa nusu. Safari hii hapakuwa na mtandao wa kulaumiwa.

Chiriku aliutazama mkono ule. Swali la mjomba lilikuwa linamzunguka kichwani. Kitu mmeongeza? Hakujua kama VPN ndiyo iliyoharibu. Wameandika kasi ya umeme! Lakini alijua vizuri kwamba aliulizwa, na kwamba alijibu uongo, na kwamba dakika zilikuwa zinakwenda. Akisema, mama atajua yote. Asiposema, huenda baba akaingia mlango wa chumba cha upasuaji na maneno yake mkononi.

"Mjomba, usikate!" alisema, na mikono yake ikasema pamoja na mdomo, ili mama apate kwa wakati uleule. "Nimedanganya. Niliweka VPN ili nicheze. Inawaka siku zote."

Mikono ya mama iliacha nepi.

"Kelele zangu utazikuta jioni," mjomba akasema. "Sasa izime."

Chiriku akaizima. Alama za intaneti zote zikapotea. "Mjomba, imekufa kabisa!"

"Ilikuwa na kufuli. Ukiizima, inazuia kila kitu kisipite. Usibonyeze ovyo. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao. Umeona VPN? Ondoa alama ya kuwaka daima. Halafu ifute programu yote."

Kwa haraka, vidole vya Chiriku viligusa mahali pasipotakiwa. Mama alimshika kifundo cha mkono, akamtuliza kama anavyotuliza kitambaa cha hariri chini ya sindano. Programu ikafutika. Wakapiga.

Shangazi akaitika, anahema. "Wauguzi wamefika na kitanda! Wamesema tufanye haraka!"

Akamwelekezea baba simu. Picha ilikuwa safi hata kovu la patasi kwenye kidole gumba chake lilionekana. Baba akainua mikono, na mikono ikaenda bila kukwama.

Chiriku akageuza uso ukutani. Katika nyumba ya watu wanaoongea kwa mikono, macho ndiyo masikio, na adabu ni kugeuka. Alisikia mikono ya blauzi ya mama ikichakarika, upesi, kisha polepole. Alimsikia baba akicheka mara moja. Waliyoambiana hakuyajua, wala hakuwahi kuuliza. Alipogeuka, kioo kilikuwa cheusi, na mama alikuwa analia na kutabasamu, vyote kwa pamoja.

Mchana ulikuwa mrefu. Taa nyekundu iliwaka, mteja akaambiwa arudi Jumatatu. Chakula kilipoa sahanini. Jua lilipoanza kuinama ndipo shangazi alipopiga simu, na sauti yake ikajaa chumba kizima. "Ametoka! Daktari anasema moyo unakwenda vizuri!" Chiriku alitafsiri hata kabla shangazi hajamaliza, na mama akaketi sakafuni akamkumbatia mtoto mchanga.

Mjomba alifika jioni, koleo bado liko mfukoni. Alimtazama Chiriku, na zile kelele alizoahidi zikawa kama zimemwishia njiani. Akaketi, akaongea kwa mdomo na mikono ili dada yake naye apate.

"Ulichagua nchi gani kwenye programu ile?"

"Yenye bendera nzuri," Chiriku akanong'ona.

"Hiyo iko ng'ambo ya bahari mbili. Sikiliza. Bila VPN, picha ya mama yako inatoka hapa inakwenda hospitali kwa njia fupi. Ukiiwasha, kila kitu kinafungwa kwanza ndani ya furushi la siri, kinapelekwa kwenye kompyuta ya wenye programu, huko ng'ambo. Kinafunguliwa, ndipo kinatumwa kwa baba yako. Ya baba nayo yanarudi kwa kuzunguka hukohuko. Umemtuma mtu kisima cha jirani, ukampitisha nyuma ya mlima."

"Na kule kufunga na kufungua?"

"Nako kunakula muda, lakini kidogo. Kinachochelewesha hasa ni umbali na msongamano. Kitu cha bure kinajaza watu, wote wanagombea mlango mmoja."

"Lakini waliandika kasi ya umeme."

"Muuza samaki gani umemsikia akisema wangu wameoza?"

Mama akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa hiyo VPN ni kitu kibaya, mjomba?"

"Sijasema hivyo. Mimi kazini naitumia, nikiwa kwenye intaneti ya watu nisiowajua, ili siri za wateja zisichunguliwe. Nachagua ya watu ninaowaamini, yenye kompyuta iliyo karibu, na hata hivyo mwendo mara nyingi hupungua kidogo. Ukituma barua ikachelewa kidogo, nani ataona? Mikono ya mtu anayeongea haingoji."

Mjomba alipoondoka, mama alimwita Chiriku akae mbele yake, mahali penye mwanga.

"Kutojua kwako nimekusamehe," akasema, mikono yake ikienda taratibu. "Hata mimi sikujua. Lakini mjomba alikuuliza, ukasema hakuna. Ukimficha mganga kidonda, atapaka dawa mahali pazima. Na mimi nilikuuliza kile kialama ni nini. Mwanangu, mengi ya dunia hii hunifikia kupitia mikono yako. Ukinidanganya, sina masikio mengine ya kuulizia."

Chiriku akaanza kulia. "Nisamehe, mama. Sitarudia."

Mama akamfuta machozi kwa kidole gumba, kisha akainua mikono tena.

"Leo ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema mlango ukiwa bado wazi, na baba yako akapata maneno yake. Wengine husema ukweli mlango umeshafungwa. Siku nyingine usingoje mlango uanze kufungwa."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, mdomo na mikono yake vilikuwa kimya.