Bosi Aliyekunywa Kahawa Peke Yake

Kila asubuhi bekari ya Terttu hapa mjini Iisalmi, Ufini, huamka kabla ya mji. Vesa huwasha tanuri. Kaija hupanga mikate myeusi kwenye kreti. Ikifika saa tatu wote huacha kazi, huketi katika chumba kidogo cha nyuma na kunywa kahawa.

Terttu, mwenye bekari, alikuwa akinywa yake ofisini, amesimama, mlango umefungwa. Hakuwa na maringo hata kidogo. Aliona kwamba mfanyakazi anapopumzika, heshima ni kumwachia nafasi. Sisi Wafini tuko hivyo. Tukimpenda mtu sana, hatumsumbui.

Bekari hiyo ilianzishwa na bibi yake. Reijo, mume wa Terttu, aliisimamia mpaka mgongo ukamshinda. Mzigo ulipomwangukia Terttu, akajiandikisha katika chuo cha watu wazima, kozi ya usimamizi wa biashara na uongozi, huku akiendelea na kazi. Kupanga bei na bajeti alikuweza vizuri. Somo la uongozi aliliona porojo tupu.

Siku moja mwezi wa Mei, Vesa alisimama mlangoni mwa ofisi.

"Bosi, mwisho wa mwezi naacha kazi."

"Sawa," Terttu akasema.

Vesa akangoja kidogo, kisha akarudi kwenye tanuri.

Waokaji wengine walikuwa wameshaondoka wakati wa baridi. Vesa ndiye aliyebaki. Yeye akienda, tanuri linazimwa na bekari ya bibi inafungwa. Terttu alilijua hilo, na siku nzima hakula kitu.

Nyumbani, Reijo alimwambia, "Mwache aende. Ukimbembeleza atakupanda kichwani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Nani amesema habari ya kumsifu?"

"Nakijua chuo chenu hicho. Mwisho mtakumbatiana kwenye unga."

Wiki hiyo hiyo mwalimu wake, Sinikka, alikuja bekarini. Chuo hicho humfuata mwanafunzi mpaka kazini kwake. Sinikka alikunywa kahawa na wafanyakazi kwanza, halafu akabisha hodi ofisini.

"Terttu, mbona unakunywa huku?"

"Nawaachia nafasi, mwalimu."

"Wao wanasema umewakasirikia."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu uwe bosi."

Terttu akavuta kiti, akakaa.

"Vesa alipokuaga ulimjibu nini?" Sinikka akauliza.

"Nilisema sawa."

"Hukumwuliza sababu?"

"Yule ni mtu mzima, mwalimu. Nimchokonoe ya nini?"

Sinikka akacheka kidogo. "Sikiliza, dada. Bajeti ni kusimamia vitu, na hilo umefaulu. Uongozi ni watu. Unga haujali kama umeridhika nao. Mtu anajali, hata asipofungua mdomo. Anataka kujua kazi yake inaonekanaje. Na akisema neno, aone limefanyiwa kazi."

"Mume wangu anasema sifa huharibu mtu."

"Sifa ya uongo, ndiyo. Hiyo ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe taja kitu ulichokiona mwenyewe, cha kweli, basi. Lakini anza kwa kuuliza. Na ukishauliza, nyamaza. Akichelewa kujibu, usimjazie maneno."

"Kunyamaza nakuweza."

"Ndiyo maana sijakata tamaa na wewe."

Kesho yake saa tatu Terttu alishika kikombe chake, akaingia chumba cha nyuma. Mazungumzo yakakatika.

"Bekari inafungwa?" Kaija akauliza.

"Hapana. Nimekuja kunywa kahawa."

Hakuna aliyemwamini. Terttu akakaa karibu na Vesa.

"Vesa, ni kitu gani hapa kimekuchosha?"

Vesa alitazama meza. Terttu alitamani kusema chochote, hata habari za mvua, lakini akajizuia. Kahawa ilianza kupoa.

"Sijui kama mkate wangu ni mzuri," Vesa akasema mwishowe. "Miaka yote hii, sijui."

"Lakini naula kila siku!"

"Nitajuaje, bosi? Unaulia ofisini."

Kaija akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakacheka. Hapo ndipo maneno yalipofunguka. Kaija alisema zamu ya kesho hubadilishwa jioni ya leo, naye ana mama mgonjwa, hapati muda wa kumtafutia mtu wa kumwangalia. Vesa alisema mlango wa tanuri umelegea na moto unapotea. Terttu alisikiliza, mdomo wazi. Watu hawa aliwaona kila siku, na kumbe walikuwa na mengi hivi vifuani. Aliwastaajabia kama vile amekutana nao siku hiyo.

Kisha akasema lake, polepole.

"Vesa, ganda la mkate wako hupasuka katikati, na ndani unabaki na uchachu kidogo. Hivyo ndivyo alivyooka bibi yangu. Alipokufa nilijua sitauonja tena mkate ule. Wewe umenirudishia."

Vesa aliinuka, akaenda kuosha kikombe chake. Alikiosha muda mrefu. Sisi huku hatujazoea kumtazama mtu akilia, kwa hiyo hakuna aliyemtazama.

Terttu hakuishia kwenye maneno. Fundi alikuja kukaza mlango wa tanuri. Zamu zikaanza kubandikwa ukutani wiki nzima kabla. Lakini Vesa hakusema kama anabaki, na Terttu hakumlazimisha.

Siku ya mwisho wa mwezi Vesa alisafisha meza, akavua aproni. Terttu alisimama.

"Jumatatu nianze saa ngapi?" Vesa akauliza.

Terttu alilia bila kujificha.

Bekari ipo mpaka leo, na imepata waokaji wapya wawili. Reijo naye huja kunywa kahawa, ingawa anasema amefuata mkate tu. Terttu alihitimu, na vuli iliyofuata Vesa akajiunga na chuo kile kile. Siku ya kwanza Sinikka alimwuliza kilichomleta. Vesa alinyamaza kwanza, na mwalimu akamngoja.

"Nilimwona bosi wangu akijifunza kuzungumza na sisi," akasema. "Sikujua kama hilo nalo linafundishwa."