Filta ya Kioo kwenye Pijo ya Kipyegon

Asubuhi za Agosti huko Molo hazina huruma. Jepkemei, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka kila siku ya likizo kukiwa bado na giza, akavaa sweta mbili na kofia ya babake iliyomfunika mpaka nyusi, kisha akatoka kumsaidia kupakia mikebe ya maziwa. Wenzake walikuwa bado wamejikunja ndani ya blanketi. Yeye hakulalamika hata mara moja. Kama kuna mtoto mwingine wa aina hiyo, mimi sijakutana naye.

Babake, Kipyegon, alikuwa na pikapu kuukuu ya Pijo aliyoirithi kutoka kwa babu. Kila asubuhi ilipita kwenye malango ya majirani ikikusanya maziwa na kuyapeleka kwenye kituo cha maziwa mjini. Kutoka hapo lori kubwa liliyachukua, na lori hilo halikumsubiri mtu. Maziwa yaliyochelewa yalirudishwa nyumbani, na aghalabu yaliharibika kabla ya jioni.

Majirani wote walimtegemea Kipyegon, lakini aliyemtegemea zaidi ni Mama Shiko, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu. Mvua inyeshe isinyeshe, ungemkuta amesimama langoni na mkebe wake mdogo.

Wiki hiyo Pijo ilianza kusumbua. Ikifika kwenye mlima ulio kabla ya mji, ilishtukashtuka, ikazima, kisha ikawaka tena shingo upande. Kipyegon naye alikuwa ameshikwa na mafua mabaya. Basi baba na gari wakawa wanakohoa kwa zamu.

“Tangi limeingia kutu,” Kipyegon alimwambia binti yake. “Uchafu unateremka mpaka kwa kabureta, pale petroli huingilia injini. Lazima tuweke filta kwa paipu ya petroli, ishike hiyo takataka.”

“Kama vile Mama huchuja maziwa na kitambaa?”

“Hivyo hivyo tu.”

Walienda kwa Jamleck, muuzaji wa vipuri mjini. Jamleck aliwawekea filta kadhaa mezani. Moja ilikuwa ya bati, ya kijivu, isiyopendeza hata kidogo. Nyingine ilikuwa ya kioo, na ncha zake mbili za chuma ziling'aa.

“Boss, hii ya kioo ndiyo watu wanapenda,” Jamleck alisema. “Unaona petroli ikipita live!”

Jepkemei aliishika na kuielekeza kwenye mwanga. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya maziwa. Mamake alimfundisha kuyatazama maziwa vizuri, na akiona hata unywele mmoja, yachujwe upya. Kwake yeye, kitu kizuri kilikuwa kile unachoweza kuona ndani yake.

“Baba, tuchukue hii. Ile ya bati itatufichia uchafu.”

Kipyegon aliyaonea fahari mawazo ya binti yake, naye hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hakuna aliyeuliza filta hiyo itakaa wapi ndani ya gari, wala itakutana na joto gani.

Walipofika nyumbani waliona kwamba paipu ya petroli ilikuwa imepasuka. Hilo halikuwatisha. Kwa mkulima wa viazi kama Kipyegon, paipu ya pampu ya kunyunyizia dawa haitupwi kamwe; hufunga lango, huunganisha mfereji, hata hushikilia mguu wa kiti. Kipyegon alikata vipande viwili vya paipu hiyo, akavichomeka kwenye filta, akavikaza kwa mipira ya tyubu ya baiskeli. Pijo iliunguruma kama iliyozaliwa jana.

Habari zilienea haraka. Majirani walikuja kufunguliwa boneti waone petroli ikipita ndani ya kioo. Jepkemei aliwaeleza kila kitu huku amejishika kiuno kama mwalimu mkuu, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale: “Nimeichagua mimi.”

“Huyu ni injinia kabisa,” alisema Micah, jirani yao mwenye mkokoteni wa punda. Jepkemei alijisikia mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Siku chache baadaye, walikuwa wameshachukua maziwa ya kila mtu, na mkebe wa Mama Shiko ukiwa wa mwisho. Pijo ilianza kupanda ule mlima. Hapo ndipo Jepkemei aliposikia harufu ya petroli.

Kwanza alijiambia kwamba huenda ilimwagika walipojaza tangi. Lakini gari lilivyozidi kupanda ndivyo harufu ilivyozidi kuwa kali, mpaka macho yakamwasha. Alimtazama babake. Kipyegon alikuwa anaendesha huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyokwama puani. Kwa mafua yale, hata angewekewa samaki aliyeoza mapajani asingejua.

Jepkemei aliuma mdomo. Wakisimama, lori litawaacha. Mama Shiko atarudishiwa mkebe wake. Na watu wote waliokuja kuitazama ile filta watauliza, je, si wewe uliyeichagua? Akanyamaza, na gari likapita kona ya kwanza.

Kisha babake akapenga kamasi, akamgeukia na kutabasamu. Jepkemei aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alimpenda babake mno.

“Baba, simamisha! Zima gari!”

“Kwani ni nini? Lori litatuacha.”

“Petroli inanuka! Ni ile filta yangu, Baba. Zima tafadhali!”

Kipyegon alizima injini papo hapo. Alimwamuru binti yake aende asimame mbali, kisha akafungua boneti polepole. Paipu ya pampu ilikuwa imevimba na kulainika, ikaanza kuchomoka. Ncha moja ya filta ilikuwa imelegea pia, na petroli ilitiririka kando ya kioo, tone baada ya tone, ikaanguka karibu sana na bomba la moshi. Bomba hilo lilikuwa la moto kiasi kwamba tone la maji likiliangukia lingechemka na kutoweka.

“Mungu wangu,” Kipyegon alinong'ona. Alirudi nyuma, akamshika Jepkemei mkono.

Micah alipita na mkokoteni wake, akakubali kuibeba mikebe. Lakini punda ni punda. Hana habari na haraka ya mtu. Walipofika kituoni, lori lilikuwa limekwisha kwenda. Maziwa yote yakarudi, na ule mkebe mdogo wa Mama Shiko pia.

Mchana Kipyegon alimwita Wawira aje pale mlimani gari lilipozimwa. Mama huyu alitengeneza magari ya jeshi kule Gilgil kwa miaka mingi, akastaafu, akaja Molo kulima viazi. Alikuwa na mikono mipana na maneno machache. Aliichomoa ile paipu kwa vidole viwili tu, akaifinya.

“Paipu ya dawa ni ya maji na dawa,” alisema. “Petroli inaikula. Na hii kioo yenu, gari inaitikisa kutwa nzima. Asubuhi ni baridi, saa moja baadaye ni moto. Hizi ncha lazima zilegee. Halafu mmeiweka hapa juu ya moto! Ni nani alichagua?”

Kipyegon alifungua mdomo kumkinga binti yake, lakini Jepkemei alimtangulia.

“Ni mimi, auntie.”

“Na ni nani alisimamisha gari?”

“Ni yeye huyo huyo,” Kipyegon alijibu.

Wawira aliweka spana chini. Alimtazama Jepkemei, na uso wake mkavu ukalainika.

“Nimefanya kazi na madereva wakubwa,” alisema. “Mtu anasikia harufu, anajua ni yeye alifunga vibaya, na ananyamaza kwa sababu ya aibu. Wewe umesema. Hiyo ni ngumu kuliko kutengeneza injini. Sasa twende dukani, uchague tena.”

Njiani Wawira alimweleza Jepkemei mambo ya kuangalia; dukani akasimama kando na kumwachia kazi. Safari hii msichana hakutazama kitu kinachong'aa. Alimwomba Jamleck filta ya bati ya gari la kabureta. Alipima kama ncha zake zinaenea kwenye kipande cha paipu cha pale dukani bila kulegea, akagusa kama zina ukingo wa kuizuia paipu isichomoke, akatafuta mshale unaoonyesha petroli inaelekea wapi. Kisha akaomba paipu iliyoandikwa kuwa ni ya petroli, na klipu za chuma za kuikaza.

“Mimi huuza kile mtu anataka,” Jamleck alijitetea.

“Basi kwanza uwe unauliza inaenda wapi,” Wawira akamjibu. Jamleck alikubali, na kusema kweli alikubali kwa heshima. Zile filta za kioo akazitoa mezani.

Wawira na Kipyegon waliifunga filta mpya chini, karibu na tangi, mbali na bomba la moshi. Waliwasha injini, wakaiacha ipate moto, ndipo Jepkemei akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kitambaa kilibaki kikavu.

“Kitu cha gari unakichagua kwa kazi yake,” Wawira alimwambia akipangusa mikono. “Urembo baadaye.”

Asubuhi iliyofuata Pijo ilipanda na kushuka bila kukohoa. Lakini Jepkemei hakuwa na furaha, kwa sababu lango la Mama Shiko lilikuwa linakaribia. Gari liliposimama, aliteremka mwenyewe, akavua kofia.

“Mama Shiko, maziwa yako ya jana yaliharibika kwa sababu yangu. Ile filta niliichagua mimi. Nisamehe.”

Mama Shiko aliweka mkebe chini. Alimtazama msichana, kisha akamtazama Kipyegon aliyekuwa ameketi nyuma ya usukani, mzima, akipenga kamasi.

“Hata mimi niliambiwa ni wewe ulisema gari isimame,” alisema, akamvuta Jepkemei kifuani. “Mtoto wangu, ukijua umekosea, sema mapema, hata kama watu watakucheka. Maziwa ya jana ng'ombe amenipa mengine leo. Huyu baba yako je, ni nani angetupa mwingine?”