Uji wa Ngassa

"Shilingi mia sita!" Kanji alifoka. "Mganga atoke Ushirombo aje kunipungia shimo? Sitoi hata senti!"

"Basi kaa na mia sita zako," Limi alimjibu. "Nitolee mume wangu nimzike."

Mwaka ule wa 1968 Kanji alikuwa na kinu cha kusaga mawe ya dhahabu karibu na Segese. Maji ya kinu yaliingia kwenye shimo la zamani, jembamba, refu kwenda chini; vumbi la mawe likituama, maji safi yalirudishwa kazini. Ngassa, mume wa Limi na baba wa Zipora, aliteleza akatumbukia humo. Walipapasa kwa miti siku mbili, hawakumgusa. Tangu hapo maji yakagoma kutakata, wiki ya tano sasa, meupe kama maziwa, na ukiinama unasikia harufu ya uchachu, na huko chini kabisa kitu kinagonga jiwe polepole. Kaburi lilikuwa wazi nyuma ya nyumba, limeanza kuota majani.

Stanslaus, fundi wa kupima dhahabu, hakujua kuzungukazunguka.

"Mama Zipora, kila alfajiri unamwaga nini humu?"

Limi aliinamisha kichwa. "Uji wa ukwaju. Aliupenda. Kwetu waliotangulia tunawamwagia chakula. Huyu hata kaburi hana, nimwache na njaa?"

"Basi jini lenu ndilo hilo."

Fundi alitia vumbi la mawe yale katika chupa mbili za maji, moja akaichanganyia ukwaju. Kufika saa tisa, ile ya maji matupu ilikuwa imetakata. Ya ukwaju, nyeupe pe.

"Jiwe hili ni jamaa ya chokaa," alisema. "Kila punje ina chaji ya umeme juu ya ngozi yake, kidogo mno. Kwenye maji matupu punje hushikana, zikazama. Tindikali ya ukwaju inazing'ang'ania, inazigeuza zote zinakuwa na chaji hasi. Zikishakuwa za namna moja, zinasukumana. Hazigusani, hazizami."

"Kama wake wenza," Kanji alisema.

Fundi alimgeukia Limi.

"Tutaingiza maji mapya. Wewe acha uji siku tatu, mama. Utamwona, utamzika. Mimi sisemi uongo."

Limi akaacha. Asubuhi mbili alikoroga uji kwa mazoea, akaketi nao mbele ya jiko mpaka ukapoa, analia.

Siku ya tatu, adhuhuri, maji yalitakata mpaka chini. Wakainama wote watatu. Mawe. Katambuga moja ya tairi. Ngassa hayumo.

"Yuko wapi?" Limi alinong'ona. "Fundi, uliniambia nitamwona."

Stanslaus alizidi kuinama, akinusa, kwa maana harufu ya ukwaju ilikuwa inapanda, nzito, ya moto kama uji ulioepuliwa sasa hivi, na hakuna aliyemwaga kitu, na kule kugonga kulikokuwa chini kukawa kunapanda ukutani mwa shimo, jiwe kwa jiwe, kukija juu walipokuwa wameinama, na maji bado safi kabisa, hayana mtu.

Kukanyamaza karibu na mikono ya Limi.

"Mama Zipora," ilisema sauti ya Ngassa, "nina siku tatu sijala. Lete uji wangu."