Kura Ishirini na Tatu za Thamesmead

Ijumaa moja ya Machi 2007, saa kumi na moja jioni, stesheni ya Stratford ilikuwa imefurika kama kawaida yake, kila mtu na haraka zake. Philemon alikuwa akipanda ngazi huku anamenya ndizi, maana chakula cha mchana kilimpita hivi hivi. Mbele yake mfuko wa nailoni ukapasuka. DVD kama thelathini zikamwagika miguuni mwa watu, na mwenye mfuko akabaki amesimama, mikono kiunoni, akizitazama zinavyoteremka.

Alikuwa msichana mrefu, sare ya uuguzi ya bluu chini ya koti la kijani, kilemba cha kitenge cha njano kichwani. Philemon aliinama kuokota, na alipogeuza DVD ya kwanza akakuta sura ile ile kwenye jalada, imefungwa kanga, inabubujikwa na machozi. Jina la filamu lilikuwa la Kiswahili.

"Huyu si wewe?" akauliza.

"Ni mimi. Usinikanyage, kaka."

"Mbona huku unalia, na hapo umenuna tu?"

"Huko nilikuwa kazini. Sasa nimetoka shifti ya saa kumi na mbili mfululizo, sina machozi ya bure."

Wakaokota pamoja. Moja ilikosekana, wakaitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kila aliyewahi kupenda anajua maana yake. Mwisho wakajikuta wamekaa kwenye kibanda cha chai nje ya stesheni, na msichana, ambaye jina lake ni Adelina, akamweleza zile DVD zinakokwenda.

Jumuiya ya filamu za Kiswahili London ilikuwa imeanzisha tuzo zake, mara ya kwanza kabisa. Kila tawi, Thamesmead, Stratford na Rayners Lane, lilikuwa likikaa sebuleni kwa mtu, linatazama filamu, na kila mwanachama anawapa waigizaji alama, moja hadi tano. Tano ndiyo nzuri kabisa. Watano wenye alama nyingi wanapita kwenda fainali, ambako wanachama wote wanapiga kura kwa posta. Filamu ya Adelina ilipigwa jikoni kwake Thamesmead, Jumapili nne, na waigizaji wenzake wote walikuwa wanakwaya wa kanisa lao la Kilutheri.

"Na mwigizaji bora wa kike anapata nini?" Philemon aliuliza.

"Kampuni moja ya Arusha inampa filamu mbili, yeye ndiye mhusika mkuu. Miaka miwili."

"Arusha hii hii?"

"Hiyo hiyo. Kaka yangu, nimeosha wagonjwa miaka sita na sijalalamika. Lakini kabla sijazeeka nataka kitu kimoja. Nisimame mbele ya kamera ya kweli, si simu ya jirani."

Aliposema hivyo macho yake yaliwaka, na Philemon akaacha kunywa chai.

Mapenzi yao yaliota kwenye simu, kati ya shifti za mmoja na ofisi ya mwingine. Philemon alikuwa karani wa uchaguzi kwenye kaunsili moja, halmashauri ya mashariki ya jiji. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kura za watu, akirudia mpaka hesabu zikubaliane.

"Umekula, mpenzi?" Adelina aliuliza.

"Nimekula wali wa jana, na nimeukosa uso wako."

"Uongo mtamu. Endelea."

"Ukishinda utaniacha."

"Utanifuata. Arusha hawapigi kura?"

Philemon alicheka, lakini si kicheko cha moyoni. Mama yake alikuwa akiishi naye, akisafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki kwa ajili ya figo, na mgonjwa wa namna hiyo hahamishwi ovyo. Adelina alilijua hilo. Walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani, kila mmoja akijifanya halioni.

Mwezi Mei Adelina akapita. Akawa mmoja wa watano. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Gurdial, Singasinga mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa na duka la video Rayners Lane, akamwita Philemon. Alikuwa amesikia kuna kijana anayehesabu kura kwa ajira, akataka awahesabie na wao.

"Mzee, mmoja wa wagombea namfahamu," Philemon alisema.

"Kijana, huku London Waswahili wote wanafahamiana. Asiyemjua mtu nitamtoa wapi?"

Philemon akaikubali kazi. Alisema namfahamu, hakusema nampenda, na hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Jioni ile alimpigia Adelina, naye akashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akauliza, "Fainali nayo ni alama zile zile?"

"Zile zile. Tano juu, moja chini."

Siku hiyo ilikuwa kweli. Baada ya wiki moja kamati ilikaa juu ya duka la Mzee Gurdial, ikabadilisha.

"Wacha niwaambie," mzee alisema. "Kwa alama, mtu anaweza kuwapa wote tano, na hiyo si kura, hiyo ni baraka. Sasa kila mtu awapange wagombea. Moja ndiye bora, tano ndiye wa mwisho. Tunajumlisha, na mwenye jumla ndogo anashinda."

"Wanachama wataambiwa?" Philemon aliuliza.

"Imeandikwa nyuma ya fomu."

Kweli iliandikwa, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mchele uliovunjika. Halafu mzee akamwapisha kwa Biblia: kuanzia saa ile hadi matokeo yatangazwe, mhesabu kura hataongea na mgombea yeyote habari za kura. Philemon alirudi nyumbani akakaa na simu mkononi. Akajiambia watu wanasoma fomu. Akajiambia kiapo ni kiapo. Na tuseme ukweli wote, Arusha ni mbali.

Thamesmead hakuna aliyesoma nyuma ya fomu. Wangesoma ya nini, wakati mwenyewe amewaeleza kwa simu? Adelina aliwapigia akina mama wa kwaya mmoja mmoja, akianza na kiongozi wao, Mama Elkana, aliyemlea kama mwanawe tangu aliposhuka ndege.

"Mama, usisahau. Jina langu, weka tano."

"Mwanangu, ningeweza ningeweka kumi."

Bahasha zilifunguliwa Jumamosi mchana, Philemon na Mzee Gurdial peke yao, chumba cha juu, chini duka likiuza. Kura tisini na sita. Philemon alizifungua kwa utaratibu wake, moja moja. Alipofika za Thamesmead akapunguza mwendo. Adelina, tano. Adelina, tano. Ishirini na tatu zote, tano. Ndani ya moja kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa, mwandiko wa mtu mzima aliyebonyeza kalamu kwa nguvu, chini kasaini Mama Elkana: "Binti yetu, Mungu akuinue."

"Mzee," alisema, "hawa wamempa kama alama. Tazama hiki kikaratasi. Walitaka ashinde."

Mzee Gurdial alikisoma taratibu, akavua miwani. "Naona. Mimi si kipofu. Lakini nikigeuza hizi leo, kesho nitageuza za nani? Kura inahesabiwa ilivyoandikwa. Wewe ndiye mwenye kujua hilo kuliko mimi."

"Tuwaandikie upya. Wiki moja tu."

"Wagombea wengine watasema nini?" Mzee akamtazama vizuri. "Ulisema unamfahamu mmoja. Ni huyu?"

Philemon akainamia bahasha.

"Basi endelea kunyamaza, kwa faida yake. Ukisema neno moja zaidi nitalazimika kufuta jina lake kabisa, na watu watasema aliweka mpenzi wake kwenye sanduku la kura."

Hakukuwa na mlango wa kutokea. Akisema, anamharibia. Asiposema, anamharibia vile vile. Akajumlisha. Adelina akawa wa tatu. Angegeuza zile ishirini na tatu, angekuwa wa kwanza kwa mbali. Philemon alipiga hesabu hiyo kwenye kipande cha gazeti, akakichana, akakipiga tena.

Zikafuata wiki mbili ambazo mtu hamwombei hata adui yake. Adelina alipiga simu kila siku, na kila siku akiwa na utani mpya.

"Usiniambie kitu, umeapa. Kohoa tu mara moja kama nimeshinda."

Kimya.

"Kohoa mara mbili kama unanipenda."

Philemon alikohoa mara mbili. Adelina akacheka mpaka akakwama, na Philemon akaenda bafuni akafungua maji ili mama yake asimsikie akilia.

Sherehe ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi mmoja Stratford uliopambwa kwa mapazia ya kukodi. Adelina alivaa gauni la lesi ya zambarau lililoshonwa na Mama Elkana, hereni za shanga, na nywele amezisuka juu. Akina mama wa kwaya walijaa safu mbili, vitenge sare, tayari kwa vigelegele. Philemon alisimama ukutani nyuma, bahasha ya matokeo ikiwa imeshatoka mikononi mwake.

Wakalisoma jina la Geeta, msichana wa Rayners Lane, mwigizaji mzuri kweli kweli. Akina mama walikwishavuta pumzi. Wakaitoa bila sauti. Adelina alipiga makofi kama wengine, akamkumbatia Geeta, akatabasamu kwa wapiga picha.

Kisha katibu akabandika jumla za kura ukutani, na Mama Elkana akaenda kusoma kwa kidole.

"Wa tatu?" alimuuliza katibu. "Mbona sisi sote tulimpa tano?"

Katibu, kijana mwema asiyejua lolote, akamweleza kwa upole. Mama Elkana alishika kifua. Akawageukia wenzake, na habari ikapita kwenye safu zile mbili, mdomo kwa mdomo, mpaka ikamfikia Adelina. Hakulia. Aliinua macho akamtafuta Philemon ukumbi mzima, akampata, akamwendea.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kanuni, tangu Mei. Matokeo, wiki mbili."

"Na uliniambia tano."

"Nilipokuambia, ilikuwa tano. Wakabadilisha nikiwa nimeshaapa. Nilimwomba mzee, Adelina, nilimwomba sana."

"Mimi ndiye niliyewapigia simu," alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja mmoja. Niliwafundisha kuninyima." Akachukua koti lake la kijani, akatoka.

Philemon alipiga simu, haikupokelewa. Akaacha ujumbe, akaandika, akafika hadi mlangoni kwake Thamesmead, jirani akamwambia yuko kazini, na taa ilikuwa inawaka. Siku kumi na tisa. Ofisini alikosea majina ya wapiga kura, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Aliogopa kwa dhati kwamba amempoteza, na kibaya zaidi, hakuona angefanya nini tofauti.

Siku ya ishirini simu ikalia.

"Nina saa moja kabla ya shifti. Niko ziwani."

Alimkuta kwenye benchi kando ya ziwa la Thamesmead, sare ya bluu, kichwa wazi, macho yamevimba. Mabata yalikuwa yakigombania mkate wa mtoto wa watu. Philemon alikaa, akaacha nafasi katikati.

"Nijibu swali moja," Adelina alisema, "na usinipambe. Ulipofungua zile bahasha ukaona siendi Arusha, ulifurahi?"

Angeweza kusema hapana, na labda angeaminiwa.

"Nilifurahi. Kitambo cha kuvuta pumzi moja. Kisha nikasoma kikaratasi cha Mama Elkana, nikatamani nisingezaliwa."

Adelina aliokota jani, akalichana vipande.

"Walipotaja jina la Geeta," alisema hatimaye, "kabla sijaumia, nilipumua. Nikasema moyoni, basi nitabaki na Philemon. Miaka sita nimetaka kitu kimoja, Phile, na kilipopita nikaona afadhali. Hukunisikia siku zote hizi kwa sababu nimejikasirikia mimi. Wewe ningeshakutukana siku ya pili tukamaliza."

Kampuni ya Arusha ilikwisha kusaini na Geeta. Mzee Gurdial alikwisha kutangaza kwamba mwakani fomu zitakuwa za Kiswahili, na hilo halikumsaidia mtu aliyekaa kwenye benchi lile.

"Mama Elkana hali vizuri," Adelina aliendelea. "Anasema yeye ndiye aliyenizika. Nimemwambia mara mia kwamba kosa si lake, hanisikii. Jumapili uje umweleze wewe uliyehesabu."

"Nije kama nani? Akina mama wale wataniuliza kabla sijakaa."

"Watakuuliza."

"Niwaambie nimekuja kukuposa?"

Adelina aliyatazama mabata. Mtoto aliishiwa mkate, akaondoka na mama yake.

"Waambie," alisema. "Ila usije na uso wa furaha. Mimi bado naumia."

Philemon akaahidi. Wakakaa pale bega kwa bega, mpaka saa ya Adelina ya kuingia kazini ilipofika.