Jibu Lililolala Folda Isiyo Yake

Chumba cha kompyuta cha chuo kilikuwa kimejaa hadi mlangoni siku Kidoti alipoingia na gauni lake la manjano, akitafuta kiti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kilibaki kimoja, kando ya kijana wa hesabu waliyemwita Miwani, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Kaa, dada. Siumi."

"Waumao husema hivyohivyo."

Basi. Wenzao hutongozana kwa maua. Hawa walitongozana kwa milinganyo, ndani ya programu ya kukokotoa aljebra. Mwezi haukuisha, "dada" akawa "mpenzi", na kompyuta moja ikawatosha wawili.

Kutosha huko ndiko kulikowaponza. Asubuhi moja Miwani alifungua faili lake, "matokeo", ambalo kesho yake mwalimu angelikagua ili amruhusu kuhitimu. Akakuta hesabu za Kidoti. Akapiga simu.

"Umefuta kazi yangu!"

"Mimi? Nimehifadhi yangu kwenye folda yangu!"

"Faili umeliitaje?"

"Matokeo. Kwani jina hilo ulilinunua?"

"Wivu tu huo, kwa kuwa nahitimu!" Akakata simu.

Kidoti akakaa, akasimama, akafunga kilemba, akakifungua. "Mwanamume gani huyu, mapenzi kijiko, kelele debe!" Lakini miguu haina aibu, ikampeleka chuoni. Akaiuliza programu inafanyia kazi kwenye folda gani. Ikamjibu bila haya: ya Miwani. Jana yake Miwani ndiye aliyeifungua programu, naye Kidoti akaendelea humohumo. Kidoti alipohifadhi, akaandika jina tupu la faili, bila njia, yaani orodha ya folda za kulifikisha kwake. Programu ikalibwaga palepale ilipokuwa, juu ya la mwenzake.

Bahati, amri za Miwani zilikuwa katika faili jingine. Kidoti akaziendesha upya, moja moja. Jioni akampigia.

"Njoo. Kosa ni langu. Jibu limerudi."

Akaja mbio, vifungo vimepishana.

"Liko wapi?"

Kidoti akamsomea njia nzima, folda baada ya folda, hadi jina la faili. Miwani akalifungua, akashusha pumzi, akavua miwani akaifuta, ingawa yaliyolowa yalikuwa macho.

"Nisamehe kwa lile neno la wivu, mpenzi. Tuoane basi."

"Jina tupu tena? Nani anamwoa nani, wapi, lini? Sema lote!"

Miwani akapiga goti katikati ya viti, watu wakageuka, akalisema lote, hadi shangazi atakayetumwa kuposa. Kidoti akamwacha hapo chini mpaka goti likafa ganzi, ndipo akasema ndiyo.