Breki ya Upande wa Baba

Wazazi wenzangu, sogeeni karibu. Hili linatuhusu sote, hata wewe unayejifanya unaangalia pembeni.

Mimi ni nahodha. Nina boti ndogo ya injini, viti vinane, na likizo zikifika napeleka familia baharini kuvua samaki, tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Watu hudhani nahodha kazi yake ni kutazama maji. Maji nimeshayazoea, ninaowatazama ni abiria.

Asubuhi ile bahari ilikuwa imetulia, maji yakigonga gati taratibu. Familia moja inayokuja kwangu kila mwaka ilikuwa inapanda: baba, mama, kijana wao wa kiume wa miaka ishirini na miwili, na binti wa miaka kumi na mmoja wanayemwita Kitinda. Nikiwa namfunga Kitinda jaketi la kuokolea, akaninong'oneza:

"Anti, mwaka huu nisipovuta samaki mwenyewe, sirudi tena. Nimeshamwambia mama, likizo ijayo nabaki kwa bibi."

Sikushangaa. Ukutani mwa kibanda changu nabandika picha za wateja, na za familia hii ziko tatu. Miaka mitatu, samaki watatu, na katika zote aliyemshika samaki ni baba. Watoto wamesimama nyuma wakitabasamu kama wageni waalikwa.

Sasa msije mkamchukia huyu baba. Halewi, hapigi mtu, na wanawe anawapenda mno. Ni mwalimu wa udereva. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na yeye miaka kumi na minane amekaa mguu ukiwa juu ya ile ya pili. Hata kwenye boti yangu, nikikaribia gati, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu. Kazini breki hiyo inaokoa watu. Tatizo ni kwamba alirudi nayo nyumbani. Mtoto akimenya chungwa, "Lete hapa, utajikata." Akifunga kamba za viatu, "Lete hapa, tunachelewa." Matokeo yake niliyaona asubuhi hiyo hiyo, pale kijana mzima mwenye ndevu zake aliposimama katikati ya boti na kuuliza:

"Baba, nikae upande gani?"

"Kulia," baba akajibu, hata hakugeuka.

Mimi na mama tukatazamana. Yeye ni muuguzi, mtu wa maneno machache.

Nilitia nanga karibu na mwamba ninaoujua. Tukatia chambo, tukashusha ndoana, tukala mayai ya kuchemsha na kutaniana. Nusu saa nzuri kabisa. Mara fimbo ya kuvulia ya Kitinda ikapinda hadi ncha yake ikagusa maji.

"Nimempata! Anti, nimempata!"

"Lete hapa!" Baba alikuwa ameshasimama.

"Baba, niache!"

"Huyo mkubwa, utampoteza. Lete!"

Kitinda akaing'ang'ania fimbo. Baba alipoona hapewi, akafanya kosa ninalowaonya abiria kila siku kabla hatujaondoka: akaudaka mshipi, ule uzi wa ndoana, kwa mkono mtupu na kuuzungusha kiganjani. Samaki akatimua mbio. Mshipi ukamchana baba kiganja, kisha ukakatika. Damu ikadondoka sakafuni, na samaki akaenda zake na ndoana yetu mdomoni.

Kitinda hakulia. Afadhali angelia. Aliilaza fimbo chini polepole, akaenda kukaa nyuma karibu na injini, akatupa mgongo.

Mama alifungua sanduku la huduma ya kwanza, akasafisha kidonda, akafunga bandeji kiganja kizima mpaka dole gumba. Kijana alikuwa amesimama tu, mikono inaning'inia.

"Baba, sasa tufanyeje?"

Baba akafumbua mdomo kujibu. Kisha akamtazama mwanawe, kuanzia miguuni hadi kwenye zile ndevu, akaufumba. Niliona uso wake ukibadilika, na kwa kweli nilimwonea huruma.

"Unamuuliza nani?" mama akasema, bado anafunga bandeji. "Mwenye mikono mizima ni wewe."

Mimi nilijitia kushughulika na kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mwishowe kijana akapiga magoti, akatafuta ndoana nyingine, akaifunga mafundo manne mahali panapotosha mawili. Akatia chambo, akampelekea dada yake fimbo.

"Shika. Mimi nitashika wavu. Hakuna atakayekugusa."

"Na baba?"

"Baba nitamkalia," mama akasema, na hapo Kitinda akacheka, akageuka.

Fimbo ilipotikisika tena, baba alikakamaa, mguu wake ukakanyaga sakafu. Mama akauweka wake juu ya ule wa mumewe na kuuacha hapo. Kitinda akavuta, akalegeza, akapiga kelele, akazungusha kigurudumu cha mshipi kinyumenyume, akajirekebisha mwenyewe. Jasho lilimtoka baba kana kwamba yeye ndiye aliyenaswa. Hatimaye kijana akazamisha wavu, na ndani yake mkatoka samaki aina ya changu, mwekundu, urefu wa kiganja na nusu.

"Mimi ningemvuta haraka zaidi," baba akasema.

Sote tukamgeukia. Akaitazama bandeji yake.

"Na ningempoteza. Mwanangu, nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

Kitinda akamkumbatia na samaki wake mkononi. Shati la baba likanuka hadi gatini, wala hakulalamika.

Picha ya mwaka huu aliipiga baba. Kitinda yuko mbele na changu wake, kaka yake kando na wavu, mama anacheka. Picha imepinda, na pembeni limejitokeza dole gumba lenye bandeji. Nimeibandika juu ya zile tatu.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kumfanyia mtoto kila kitu si kumpenda. Ni kumwambia kila siku, bila kutamka, kwamba hawezi, naye atakuja kukuamini. Mwonyeshe namna, mweleze hatari iko wapi, kaa karibu naye, kisha uiache mikono yako mapajani. Akikosea, mpe nafasi ajirekebishe.

Na nisijifanye mtakatifu. Binti yangu ana leseni ya unahodha tangu mwaka juzi, lakini usukani nilikuwa nampa tu boti ikiwa imefungwa gatini. Jumamosi iliyopita nilimpa boti na abiria sita, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Tulipokaribia gati, mguu wangu ulikanyaga sakafu mara tatu. Boti ikafika salama, naye hakugeuka hata mara moja kuniuliza.