Usiiamshe Ruta

Jengo letu ni la usingizi. Chini kuna duka la magodoro. Ghorofa ya kati anakaa jirani yetu, mwanamke anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Tunamwita Popo, na mwenyewe huitika. Juu tunakaa sisi: dada yangu ambaye ni fundi cherehani, mume wake, yaani shemeji yangu, na mimi, ninayeshona vifungo na kukunja mapindo.

Dada hushona mapazia. Chumba chake kina dirisha kubwa, na mchana vitambaa vyeupe hujaa kila mahali: mezani, kitini, sakafuni. Upepo ukipita, chumba kizima huinuka kidogo, kisha hushuka. Ukikaa humo baada ya kula, macho yanakuwa mazito hata kama hukutaka. Mimi nimewahi kusinzia hadi nikashona pazia la mteja pamoja na gauni langu mwenyewe.

Dada na shemeji wana mtoto mmoja, binti. Tangu akiwa mchanga tunamwita Pamba, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kulala. Cherehani ikianza kulia tu, yeye huyo, kalala. Sasa Pamba ni mtu mzima. Ameolewa mbali, nchi nyingine, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mimba ilimsumbua. Presha ilipanda. Daktari alimwambia akae kitandani na mchana apate usingizi. Lakini mtu akiambiwa lala, usingizi ndio kwanza unakimbia. Mwanangu alikuwa na hofu. Alilala macho wazi, akitazama dari.

Siku moja alipiga simu ya video wakati mama yake anafanya kazi. Dada aliegemeza simu kwenye kopo la pini, akaendelea kushona. Hawakuzungumza mengi. Tulipokuja kutazama, Pamba amelala, mdomo wazi, kama zamani. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo dawa yake. Kila siku saa nane mchana alipiga, Dada akakanyaga cherehani, na mtoto wetu akalala. Presha ikaanza kushuka.

Simu hiyo ilipita kwenye ruta. Ruta ni kile kisanduku chenye taa ndogo kinacholeta waifai nyumbani. Yetu ilikaa juu ya kabati, karibu na meza ya pasi. Mtandao wa simu haushiki ndani kwetu, maana tumebanwa na majengo marefu. Ukitaka kupiga simu ya kawaida, unapanda kwenye paa tunapoanika nguo, na hapo napo unasikia neno moja, jingine linapotea. Kwa hiyo bila ruta, Pamba hasikii cherehani. Na cherehani yetu ni ya miguu ya chuma. Haipandi kwenye paa.

Sasa sikiliza yaliyotupata.

Asubuhi moja ujumbe uliingia kwenye simu ya shemeji. Ulisema ruta ina sasisho jipya. Ndani ya kila ruta kuna programu inayoiongoza kazi yake. Kampuni iliyotengeneza ruta huiboresha programu hiyo mara kwa mara, hasa kuziba matundu wanayopitia wezi wa mtandao. Maboresho hayo ndiyo sasisho. Wengi husema apdeti. Ni kitu kizuri. Lakini ujumbe ulisema pia kwamba kifaa kisizimwe mpaka kazi iishe. Shemeji hakusoma mpaka huko. Alibonyeza "kubali", akaenda zake kazini, wala hakumwambia mtu.

Shemeji hufundisha watu kuendesha gari. Barabarani ana subira ya ajabu. Akirudi nyumbani, subira anaiacha garini.

Dada alitaka kupiga pasi mapazia. Ukuta ule una soketi moja tu. Kila siku yeye huchomoa ruta, huchomeka pasi, na akimaliza huirudisha ruta mahali pake. Ndivyo tulivyozoea, na siku zote iliamka vizuri. Siku hiyo taa zake zote zilikuwa zinawaka na kuzimika pamoja, polepole. Mimi niliziona. Niliona zinapendeza. Dada akachomoa.

Aliporudisha, iliwaka taa moja tu, nyekundu. Tukangoja. Saa nane ikafika, ikapita. Dada alikaa mbele ya cherehani, mguu tayari, hakukanyaga.

Tulipanda kwenye paa kumpigia Pamba. Sauti ilikatikakatika. Alisema tusijali, atalala tu. Hakulala. Kesho yake asubuhi tulipompigia tena, alisema presha imepanda. Daktari alikuwa amesema leo akikosa usingizi na presha isiposhuka, jioni atalazwa hospitali, na huenda mtoto akatolewa kabla ya wakati wake. Dada alishuka ngazi ameshika ukuta. Aliniambia anaogopa. Dada yangu si mtu wa kusema neno hilo.

Shemeji hakwenda kazini. Aliizima ruta, akaiwasha, akaizima, akaiwasha. Nyuma yake kuna kitundu chenye kitufe ndani. Alichukua pini ya Dada akakidonoa, akakidonoa tena. Taa ikabaki nyekundu. Kisha akapanda kwenye paa kutafuta programu kwa simu yake. Akarudi na furaha kwamba ameipata kwenye ukurasa fulani asioujua, na ruta ya kwenye picha inafanana kabisa na yetu. Dada akamwuliza kama yeye huwapa wanafunzi leseni za watu wanaofanana nao. Shemeji akaitia simu mfukoni.

Hapo tukamkumbuka Popo. Kazi yake ya usiku ni kuangalia mitambo ya kampuni ya mtandao. Nyumbani kwake hajaweka waifai; husema akitoka kule anataka kusikia ukimya. Alikuwa amerudi asubuhi na sasa amelala. Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni kwake, mkono juu. Dada akamzuia.

"Aliyelala usimwamshe," akasema. "Mtu aliyekesha ukimgutusha, hajui hata jina lake. Atatusaidia nini?"

Kusema kweli niliona dada yangu ana roho ngumu, maana mtoto ni wake. Lakini alichukua pazia na sindano, akaketi kwenye ngazi mbele ya mlango wa Popo, akawa anakunja pindo kwa mkono. Niliketi naye. Harufu ya magodoro mapya ilipanda kutoka chini. Mwanga wa dirisha la ngazi ulitulalia miguuni, na vumbi la kitambaa lilielea ndani yake bila haraka. Kwa muda sikujua kama nipo macho au naota. Dada alikuwa macho.

Tuliposikia maji yakimwagika bafuni kwa Popo, Dada alibisha hodi kwa ukucha.

Popo alipanda kwetu na kompyuta yake ndogo na waya. Hakuigusa ruta. Aliuliza kwanza ilikuwa inafanya nini ilipochomolewa. Tukatazamana. Nikasema habari za taa zilizokuwa zinawaka pamoja. Ndipo shemeji akakohoa, akaeleza habari za ujumbe. Dada aligeuza shingo polepole akamtazama. Mimi nikatazama dirishani.

"Basi haijafa," Popo akasema. "Ilikuwa inaingiza programu mpya, nanyi mkaiamsha katikati. Nusu ya zamani imefutika, nusu ya mpya haijaingia. Sasa haijui hata jina lake."

Dada akaweka mkono mdomoni. Yeye asiyemgutusha mtu usingizini.

Popo aliigeuza ruta na kutuonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa chini yake. Pale pameandikwa namba ya ruta, na mbele yake herufi inayosema ni toleo lipi. Alimweleza shemeji kwamba namba na herufi lazima vilingane na vya programu, la sivyo unaweza kuiua kabisa. Na programu hupakuliwa kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza ruta, si kwa mtu usiyemjua. Alipanda kwenye paa, akaipakua kwa simu yake, akaihamishia kwenye kompyuta. Alisoma na maelekezo ya kampuni, kwa sababu ruta hazifufuliwi kwa njia moja. Nyingine hazina njia ya kufufuliwa nyumbani. Hizo hurudishwa kwa kampuni iliyokuletea mtandao. Ila kudonoadonoa kwa pini, alisema, hakujawahi kuponya kitu. Shemeji akairudisha pini kwenye kopo.

Kisha Popo akaunganisha kompyuta na ruta kwa waya, maana waifai yenyewe ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Akaipanga kompyuta kama maelekezo yalivyotaka. Akaizima ruta, akakibonyeza kwa pini kile kitufe cha ndani na kukishikilia, huku akimwambia shemeji aiwashe. Hakukiachia upesi. Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika polepole.

"Sasa inatusikia," akasema.

Kwenye kompyuta aliandika anwani iliyokuwa kwenye maelekezo. Ukafunguka ukurasa mtupu wenye sehemu moja tu ya kuchagua programu. Akaichagua. Maneno yakatokea: subiri, usizime kifaa. Popo alituambia hapo ndipo kazi ya watu inapokwisha na kazi ya kungoja inapoanza.

Dada aliukunja waya wa pasi, akaipeleka pasi jikoni, akarudi kukaa kitini kwake. Taa zote za ruta zikaanza kuwaka na kuzimika pamoja. Mapazia yalipanda na kushuka nazo. Nje gari lilipita, sauti yake ikayeyuka. Saa ya ukutani ikafika nane. Kule mbali, mwanangu alikuwa amelala macho wazi, anangoja.

Mstari wa kwenye ukurasa, unaoonyesha kazi imefika wapi, ulisimama. Ulisimama sana. Shemeji akasema imekwama hii, na mkono wake ukaenda kwenye soketi. Dada akamshika kiganja.

"Iache ilale," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mkono haukulegea. "Naogopa kuliko wewe. Iache."

Ghafla taa zote zikazimika. Moyo wangu nao. Popo hakusogea, alisema inajiamsha yenyewe. Ikawaka taa moja ya kijani. Ya pili. Ya tatu.

Kwa kuwa ruta ilisahau kila kitu, Popo aliipanga upya, jina la waifai na nywila, yaani neno la siri. Hakuiacha nywila ya kiwandani, kwa sababu huenda wengine wanaijua. Shemeji alipendekeza tarehe ya harusi yake. Popo akasema hiyo hata muuza magodoro anaijua, wakachagua nyingine ndefu.

Simu iliita kabla hatujakaa vizuri. Uso wa Pamba ulikuwa umevimba kwa kulia. Hakuuliza kilichotokea.

"Mama," akasema, "kanyaga."

Dada akakanyaga. Pazia likaanza kupita chini ya sindano, jeupe, refu, likishuka sakafuni. Kabla halijafika nusu, Pamba alikuwa amelala. Shemeji naye alikuwa amelala, kitini, lakini huyo hakuna aliyemhitaji. Jioni Pamba alituma ujumbe kwamba presha imeshuka na daktari amemwacha abaki nyumbani.

Siku hizi ruta ina soketi yake peke yake. Fundi umeme aliiweka wiki hiyohiyo, na pasi ina yake. Ujumbe wa sasisho ukija, shemeji anausoma mpaka nukta ya mwisho, tena kwa sauti, kama hotuba. Anachagua asubuhi ambapo hatuhitaji mtandao na umeme haujaanza kusumbua, na anatutangazia wote. Taa zikianza kuwaka pamoja, tunapita mbele ya kabati kwa kunyata. Najua ruta haina masikio. Tunanyata tu.

Mtoto wa Pamba alitimiza siku zake tumboni, akazaliwa salama. Saa nane simu bado inaita. Sasa wanalala wawili, mdogo kifuani kwa mkubwa.

Jana, wawili hao wakiwa wamelala kwenye simu, nilikuwa nashona vifungo nikatazama sindano ya cherehani. Ilikuwa inapanda na kushuka juu ya kipande cha kitambaa, bila uzi. Mapazia ya siku yalikuwa yameisha kitambo, yamekunjwa mezani. Nikamnong'oneza, "Dada, uzi umekwisha."

"Najua," akasema, akaendelea kukanyaga.